Jinsi ya kuendesha softwea mpya za muziki kwenye Windows 7 bila kutupa mashine yako

Wadau habari zenu. Huu mwongozo ni wa prodyuza ambaye mashine yake ni ya Windows 7, inawaka vizuri tu, saundi kadi yake draiva iliishia hapohapo kwenye 7, na kila akijaribu kuweka programu mpya anarudishiwa kisanduku cha kosa halafu mtu pembeni anamwambia tupa hiyo nunua laptopu mpya. Hela ya laptopu mpya kwa studio ya mtaani huku Dodoma, Chang'ombe au Nkuhungu, ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa, kwahiyo kabla hujatoa hiyo hela soma hapa kwanza.

Kitu kikubwa nachotaka ukielewe ni kimoja. Programu mpya ikigoma kwenye Windows 7, mara nyingi shida siyo nguvu ya mashine. Inagoma kwasababu inaita kitu ndani ya Windows na hicho kitu hakipo. Na kile kisanduku cha kosa ambacho wengi wanakifunga haraka haraka ndio kinakuambia ni kitu gani kinakosekana. Ukijifunza kukisoma, nusu ya kazi imeisha. Kwahiyo usibonyeze OK, kipige picha na simu.

Hatua ya 1: Jua una nini

Rait kliki kwenye Computer, ingia Properties. Angalia vitu vitatu: imeandikwa Service Pack 1 au hapana, ni biti 32 au 64, na RAM ni kiasi gani. Kama ni biti 32 hata ukiweka RAM ya GB 8 Windows haitavuka GB 4, na programu moja kwa kawaida inapewa GB 2 tu, kwahiyo plagini (vile viprogramu vya ala na efekti vinavyofunguka ndani ya programu kuu ya muziki) chache nzito zinaimaliza. Prosesa nyingi za kuanzia Core 2 Duo zinakubali biti 64, hapo ni kuweka upya Windows 7 ya biti 64 (ila fanya Hatua ya 2 kwanza), hakuna njia ya mkato. Programu nyingi mpya za muziki siku hizi hazitoi kabisa ya biti 32.

Hatua ya 2: Tengeneza kopi ya mfumo mzima kabla hujagusa chochote

Control Panel, Backup and Restore, halafu Create a system image, ielekeze kwenye hadi diski (hard disk) ya nje. Pia kopi mafaili ya kazi za wateja kwenye sehemu nyingine. Huku kwetu umeme unaweza kukatika sasisho liko asilimia 60, na kwaya imeshalipia albamu. Usiruke hii hatua hata kama una haraka.

Hatua ya 3: Weka masasisho ambayo programu mpya zinayategemea

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, ila masasisho yaliyotoka kabla ya hapo bado yanapatikana kwenye tovuti yao ya Microsoft Update Catalog. Unaandika namba ya sasisho, ile inayoanza na KB, kwenye kutafuta, unashusha faili, unalihamisha na fleshi. Wala huhitaji kuyachukua yote, kwa kazi yetu haya ndio muhimu, na fuata mpangilio huu:

Anza na Service Pack 1 kama huna, ni KB976932. Bila hii usiendelee, utapoteza bando bure.

Halafu KB4490628, kisha KB4474419. Hizi mbili zinaifundisha Windows 7 kusoma saini za SHA-2, yaani alama ya kidijitali inayothibitisha faili limetoka kwa mwenyewe. Draiva na masasisho ya kuanzia 2019 yanasainiwa hivyo, na mashine isiyojua hiyo saini inakataa draiva ikisema haiwezi kuithibitisha, na wewe unadhani draiva ni mbovu. Zima uwashe ukimaliza.

Halafu KB2999226. Hii ndio dawa ya lile kosa maarufu linalosema api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll haipo (dll ni faili la msaada ambalo programu zinaliita zikifanya kazi). Nawaomba sana, msiende kutafuta hiyo dll kwenye tovuti za kupakulia dll moja moja! Hujui umeweka nini, na kesho programu itadai nyingine. Sasisho linaleta zote kwa pamoja na zinatoka kwa mwenyewe.

Ongeza KB2670838 ambayo inasaidia upande wa michoro, maana plagini nyingi sasa hivi zinachora sura zake kwa kadi ya video, na KB3063858 inayohusu jinsi programu zinavyoita dll. Mwisho weka Visual C++ Redistributable ya 2015-2022 (kifurushi cha dll ambazo programu nyingi zinazitegemea), ya x64 na ya x86 zote mbili, hata kama mashine ni biti 64, kwasababu plagini za zamani za biti 32 zinaitumia ile ya x86.

Kuna kosa lingine halifanani na haya. Programu inafunguka freshi, ila ukiingiza akaunti yako inasema hakuna intaneti, wakati intaneti ipo. Hapo mara nyingi ni TLS 1.2, njia ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, ambayo Windows 7 inayo ila kwa baadhi ya programu imezimwa. Weka KB3140245 halafu endesha kile kifaili cha Easy Fix cha Microsoft kinachoendana nayo.

Hatua ya 4: Chagua programu kuu ambayo haikubagui

Programu kuu ni ile unayorekodia na kumiksia, plagini zinafunguka ndani yake. Hapa natoa maoni yangu waziwazi: kama uko kwenye Windows 7 leo, kiti cha mbele mpe REAPER. Toleo la 7 lilitoka 2023 na bado linakubali Windows za zamani, hadi XP. Kifaili chake cha kuwekea ni kidogo, hakifiki hata MB 30, bando ya siku inatosha na chenji inabaki. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. Ndani inakuja na EQ, kompresa, geti, riverbu na ya kurekebisha sauti, zote nyepesi kwa prosesa.

Kwa wale wa Ableton, Live 10 ndio ya mwisho kukubali Windows 7, Live 11 iliyotoka 2021 inataka Windows 10. FL Studio leseni yake ina masasisho ya bure maisha yote, kwahiyo ukinunua leo unaweza kutumia toleo la nyuma linalokubali mashine yako na siku ukipata mashine mpya unapanda bila kulipa tena. Toleo la nyuma lililokaa sawa ni bora kuliko jipya linalokata katikati ya rekodi.

Na zile programu zilizovunjwa leseni achaneni nazo. Kwenye mfumo ambao haupati tena viraka vya usalama, faili la kuvunjia leseni ni mlango wa virusi, na virusi vya kufunga mafaili vikiingia vinafunga na kazi za watu.

Hatua ya 5: Programu inayosema inataka Windows 10

Sasa hapa ndio penye utamu. Ukishaweka masasisho yote na bado ikaja "procedure entry point" fulani "could not be located" kwenye KERNEL32.dll, soma lile jina katikati. Mfano GetSystemTimePreciseAsFileTime. Hiyo ni kazi ya ndani ya Windows ambayo programu inaiita, na ilianza na Windows 8, kwenye 7 haijawahi kuwepo, kwahiyo hakuna sasisho la Microsoft litakaloileta, usihangaike kutafuta.

Kinachosaidia ni VxKex, ya bure, inapatikana GitHub. Inaziongezea programu zile kazi za Windows 8 na 10 zinazokosekana, na inaweza pia kuiambia programu kwamba iko kwenye Windows mpya. Inataka Service Pack 1. Ukishaiweka, rait kliki kwenye faili la exe la programu, Properties, utaona kichupo kipya cha VxKex, weka tiki ya kuwezesha, OK, fungua programu. Kama hata faili la kuwekea programu lenyewe linagoma, weka tiki kwenye hilo kwanza.

Kwa plagini inakuwa tofauti kidogo, wengi wanakwama hapa. Plagini haiendi yenyewe, inapakiwa ndani ya programu kuu, kwahiyo tiki inawekwa kwenye exe ya programu kuu. Lakini sikushauri uiweke kwenye REAPER yako ya kazi. Fanya hivi: endesha tena faili la kuwekea REAPER, chagua Portable install (inayokaa kwenye folda yake peke yake), ipeleke kwenye folda ya pembeni, mfano D:\Jaribio. Tiki ya VxKex weka kwenye reaper.exe ya huko. Plagini mpya ijaribu huko, ipige, ifunge, ifungue tena projekti uone kama imekumbuka mipangilio, renda wimbo mzima (utoe kama faili la sauti). Ikipita, tengeneza sauti yako hukohuko, renda WAV, halafu ile WAV ndio unaileta kwenye REAPER ya kazi. Hivyo plagini ikianguka inaanguka peke yake.

VxKex haifanyi kila kitu. Chochote kinachohitaji draiva ya Windows 10 hakitaenda, manake draiva inakaa chini kabisa ya mfumo na VxKex haifiki huko. Na plagini zilizojengwa kwa JUCE 8 (vifaa ambavyo watengenezaji wengi wanajengea plagini), iliyotoka 2024, zimelenga Windows 10, zinachora kwa njia mpya, kwahiyo usishangae dirisha likifunguka jeusi au lisifunguke kabisa. Hapo tafuta toleo la nyuma la plagini hiyohiyo.

Hatua ya 6: Sauti isikatekate

Kama saundi kadi yako ina ASIO yake (draiva ya sauti isiyochelewesha) tumia hiyo. Kama huna, ASIO4ALL bado inafanya kazi kwenye 7. Ndani ya REAPER ni Options, Preferences, Audio, Device, chagua ASIO. Wakati wa kurekodi weka bafa (kiasi cha sauti mashine inachokusanya kabla ya kukichakata) 128 au 256, kwa sampuli 44100 kwa sekunde hiyo 256 ni kama milisekunde 6 hivi kwa upande mmoja, muimbaji hasikii kuchelewa kwa kusumbua. Wakati wa kumiksi panda 1024, hakuna anayeimba.

Power Options weka High performance, na kwenye mipangilio yake ya ndani zima USB selective suspend, maana ndio inayoikata saundi kadi ya USB ghafla. Zima Wi-Fi ukirekodi. Na fungua mashine upulize vumbi, hasa kuanzia Julai na upepo wa Dodoma, kwasababu feni ikijaa vumbi prosesa inapata joto na inajipunguza mwendo yenyewe, halafu unalaumu plagini.

Traki ikiwa nzito igandishe, yaani irendwe kuwa sauti tupu ili plagini zake zisile prosesa: rait kliki kwenye traki, Render/freeze tracks, Freeze tracks to stereo. Nikirekodi kikundi cha ngoma za Kigogo, zeze mbili, ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba), na sauti za akina mama zilizopangwa juu kwa juu, nagandisha sauti kundi kwa kundi kila nikimaliza kuzisafisha, na mashine ya GB 4 inabeba projekti nzima. Hapo hapo niseme, wanaoshika ilimba kwa mara ya kwanza wanasikia ule mzizimo kwenye kila noti wanakimbilia plagini ya kuondoa kelele. Acheni! Ule mlio unatengenezwa makusudi, kuna vitundu vilivyozibwa na utando wa buibui, na ukiuondoa umeiondoa ilimba yenyewe. Weka maiki karibu, punguza kidogo chini ya 80 Hz, basi.

Hatua ya 7: Itoe mtandaoni

Mashine ya studio ya Windows 7 isiwe ya kuingilia fesibuku wala ya kufungulia barua pepe. Pakua vitu kwa simu au kompyuta nyingine, skani fleshi, ndio uchomeke. Ikilazimu kuingia mtandaoni kuwezesha leseni, tumia Firefox ESR 115, Chrome iliishia 109 kwenye 7. Ukimaliza chomoa.

Kwenye REAPER, Preferences, General, toa tiki ya kuangalia matoleo mapya kila ikifunguka, na programu nyingine zifanye vivyo hivyo. Faili la kuwekea la kila toleo linalokubali mashine yako litunze kwenye folda moja, liandike jina, toleo na kama linahitaji VxKex. Watengenezaji huwa wanayaondoa matoleo ya nyuma bila kuaga.

Vyote vikishakaa sawa tengeneza system image ya pili, tofauti na ile ya mwanzo, uiweke kwenye diski ambayo haikai studio. Siku hadi diski ikifa unarudishia hiyo, na jioni unaendelea na sesheni.