SSR kwa pampu ya DC: kuichagua na kuifunga isije ikakuunguzia banda

SSR ni rilei ya elektroniki, swichi isiyo na ncha zinazosogea: waya mdogo unaiamuru, nayo inawasha mzigo mkubwa. Ukipewa SSR dukani, soma herufi mbili za mwisho kabla hujasoma namba. SSR-40DA na SSR-40DD zina umbo moja na skrubu nne zilezile, na muuzaji anaweza kuwa amezichanganya kwenye boksi moja. Herufi ya kwanza ni umeme wa kuiamuru, ya pili ni umeme wa mzigo. D ni DC, umeme wa betri na sola, na A ni AC, umeme wa TANESCO. DA inaamriwa kwa DC lakini mzigo wake ni AC. Ndani yake kuna traiaki au thairista, swichi za elektroniki, na hizo zikishawaka hazizimiki mpaka mkondo ushuke hadi sifuri. Umeme wa TANESCO unashuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo hapo hakuna shida. Betri haishuki. Ukifunga DA kwenye pampu ya DC, itawaka vizuri, utamwita mwenye shamba aje aone, halafu haitazima mpaka uchomoe waya kwenye betri. Muuzaji akikwambia "fundi, zote ni sawa", mrudishie.

Unayoitaka ni DD, yenye mosfeti ndani, yaani swichi ya elektroniki inayozima amri ikiondoka.

Kazi zangu nyingi ziko ufukweni mwa Ziwa Victoria huku Mwanza, kuanzia Igombe mpaka Kayenze: pampu za bustani za nyanya na mboga zinazovuta maji ya ziwa kwa betri na sola. Kwa hiyo mfano wangu wote hapa ni pampu moja ya volti 24, wati 720. Gawanya 720 kwa 24 upate ampea 30. Wengi wakifika hapo wananunua SSR ya ampea 40 na kuona wamebakiza nafasi ya kutosha. Hawajabakiza kitu. Mota ya DC inapoanza kuzunguka hunywa mara tano hivi ya mkondo wake wa kawaida, au zaidi, yaani pampu hii inaweza kugonga 150 kwa muda mfupi. Tena ile 40 iliyoandikwa mgongoni ni ya SSR iliyofungwa kwenye hitisinki kubwa, yaani bati la kuipoza, mahali pa baridi. Na nyingi za bei ya chini zina mosfeti ndogo kuliko maandishi yake. Kwa pampu ya ampea 30 mimi nafunga ya 80 au 100. Mteja akilalamikia bei namwambia tutumie kontakta, ile rilei kubwa ya ncha za chuma, tusibane kwenye SSR.

Volti nazo zina mtego wake. DD nyingi za madukani zinavumilia volti 60. Betri za 24 zikichajiwa hufika karibu 29, hapo uko salama. Lakini kama pampu inakula moja kwa moja kutoka paneli mbili kubwa zilizofungwa mfululizo, paneli hizo bila mzigo zinaweza kupita volti 80, na SSR ya 60 itakufa asubuhi ya kwanza yenye jua. Hapo nunua ya 100 au zaidi. Usikimbilie ya 200 kwa kujihami tu, kwa sababu kwa kawaida mosfeti ya volti kubwa ina ukinzani mkubwa zaidi, na ukinzani huo utaulipia kwa joto.

Joto ndilo linaloua SSR nyingi, na hesabu yake ni nyepesi: ampea mara ampea mara ukinzani. SSR yenye ohm 0.01 ikipitisha ampea 30 inatoa wati 9. Mosfeti ikipata moto ukinzani wake unapanda, basi weka 13 au 14. Sasa angalia hewa. Mchana wa Mwanza ni nyuzi 28 au 30, lakini ndani ya boksi lililopigwa jua chukua 45. Ukitaka kitako cha SSR kisipite 75, una nyuzi 30 tu za kuchezea. Gawanya 30 kwa 14, unapata kama 2. Hitisinki yako iwe ya nyuzi 2 kwa wati au pungufu, maana yake ipande joto nyuzi 2 tu kwa kila wati, yaani bati nene la alumini lenye mapezi marefu. Kipande cha bati la mlango hakitoshi. Paka grisi ya joto nyembamba, kaza skrubu sawasawa pande zote mbili, na mapezi yasimame wima ili hewa ipande.

Mimi naiweka SSR ndani ya boksi na mapezi nje, upande wa kivuli. Boksi liwe mbali na taa. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi hufuata mwanga usiku, na asubuhi unakuta mapezi yamezibwa na mizoga yao. Brashi ya rangi iliyochakaa inatosha kuyasafisha.

Kuna pia DD zenye IGBT, aina nyingine ya swichi ya elektroniki, badala ya mosfeti. Hizo hupoteza volti moja na nusu hadi mbili, na kwa ampea 30 ni wati 45 mpaka 60 za joto bure. Ni za volti kubwa. Kwenye 12 na 24 achana nazo.

Kufunga sasa. Kutoka chanya ya betri nenda kwenye fyuzi, kisha swichi ya mkono, kisha chanya ya SSR upande wa mzigo. Hasi ya SSR upande huohuo inaenda chanya ya pampu, na hasi ya pampu inarudi betri. Ukigeuza chanya na hasi za SSR, mosfeti ina dayodi yake ya asili ndani, yaani njia ya umeme ya upande mmoja, na umeme utapita humo bila amri yoyote. Pampu itazunguka saa zote na utadhani SSR ni mbovu.

Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kiganja kimoja hivi, na iwe imeandikwa volti za DC. Kwa pampu hii naweka ya ampea 50 isiyo na haraka, na waya wa milimita za mraba 16. Kama pampu iko mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20, waya huo unapoteza kama volti 0.66, inavumilika. Usidhani fyuzi hiyo inailinda SSR. Kukitokea shoti mosfeti hufa kwanza. Fyuzi inalinda waya, na waya ukishika moto banda la makuti haliulizi. Breka ya AC ya nyumbani usiitumie hapa, maana cheche ya DC haishuki hadi sifuri na inaweza kuendelea kuwaka ndani yake.

Kwenye mota yenyewe funga dayodi, upande wenye mstari ukielekea chanya. Umeme unapokatwa, mota hurudisha volti kali ambayo hutoboa mosfeti, na dayodi huipa njia ya kuzunguka. Iwe ya ampea zisizopungua za pampu, na volti 100 au zaidi. Ukiigeuza ni shoti, na fyuzi itakwambia mara moja, huenda SSR ikiwa imeshakufa.

Upande wa amri ni volti 3 hadi 32 na mkondo mdogo sana, kwa hiyo waya mwembamba kutoka boya la tenki, ile swichi inayoelea juu ya maji, unatosha. Sharti ni moja: amri iwe ya kuwasha au kuzima, isiwe ya katikati. Nimewahi kuitwa kwenye bustani ambako amri ilitolewa kwenye kipaneli kidogo ili pampu izime jua likizama. Volti zikawa zinashuka polepole jioni, SSR inabaki nusu imefunguka, na nusu hiyo ndiyo inayoipika. Hata wazo la kupunguza kasi ya pampu kwa kuwasha na kuzima haraka haraka halifai kwa SSR za kawaida, ni nzito mno kwa kazi hiyo.

Nililobishana nalo na wateja wengi ni hili: SSR ikifa, mara nyingi hufa huku inapitisha umeme. Rilei ya kawaida inaweza kufa ikiwa imekata, hii ni nadra. Boya litaamuru zima, taa ndogo ya SSR itazima, na pampu itaendelea mpaka tenki limwagike au betri ziishe. Kwa hiyo naweka kontakta ya DC kabla ya SSR, na boya la pili juu kidogo ya lile la kwanza. La kwanza linaamuru SSR. La pili linakata umeme wa koili inayoishikilia kontakta, na swichi ndogo ya joto ya nyuzi 70 niliyoifunga kwenye hitisinki nayo inaukata vilevile. Siku za kawaida kontakta haikati mzigo wowote, kwa hiyo haiungui ncha. Mteja asiyetaka gharama hiyo, na pampu yake inawashwa mara moja kwa siku na mtu aliyesimama pale, namfungia swichi nzito ya mkono na fyuzi, basi. Hata taa za dagaa kwenye mtumbwi sioni haja ya SSR.

Na kabla ya kuingiza mkono kwenye pampu kutoa magugu, zima swichi ya mkono. SSR iliyozimwa bado inavujisha mkondo kidogo, na inaweza kuwaka wakati wowote boya likishuka.

Ukimaliza, washa pampu nusu saa, kisha weka mita kwenye skrubu mbili za mzigo za SSR huku inafanya kazi. Ukisoma volti 0.3 hadi 0.45 kwa ampea 30, iko vizuri. Ukisoma 1, unachoma wati 30 na umeuziwa kitu kingine. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko, pamoja na tarehe. Rudi baada ya wiki ukaze lagi zote, yaani vichwa vya nyaya, kisha upime tena kila ukipita. Namba ikianza kupanda na lagi zimekazwa, badilisha SSR.