Somo: Siku moja kwa boti nyembamba, kutoka Cosgrove hadi Stoke Bruerne

Nchini Uingereza, si lazima uwe na leseni ya unahodha ili kukodi boti nyembamba. Mwenye boti atakuonyesha injini, atakukabidhi hendeli mbili za loki (vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti), kisha anakupungia mkono. Kwa anayeanza napendekeza kipande cha mfereji wa Grand Union kutoka Cosgrove, jirani na Milton Keynes, hadi Stoke Bruerne. Ni kilomita 8 na ushee za maji yaliyolala, halafu loki 7 za kupanda. Ondokeni asubuhi.

Kushika kana

Nahodha anasimama tezi, yaani nyuma ya boti. Ukisukuma kana (mpini wa usukani) kushoto, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kulia. Mikono itazoea kabla saa nzima haijapita. Boti ina upana wa mita 2 tu lakini urefu unaweza kufika mita 21, na huzunguka kwenye kiuno chake, kwa hiyo ukikata kona tazama pia tezi inaelekea wapi. Mkikutana na chombo kingine, shikeni kulia, kinyume cha magari ya huku. Mwendo usizidi maili 4 kwa saa. Mkipita boti zilizofungwa ukingoni, punguza mafuta mapema, la sivyo maji yatazivuta na kung'oa vigingi vyao.

Breki hakuna. Ni rivasi, na rivasi ina uvivu wake.

Loki ya kupanda

Loki ni chumba cha maji chenye milango huku na huku. Mnaingia maji yakiwa chini, mnafunga milango nyuma yenu, mnaruhusu maji ya juu yaingie, boti inapanda nayo.

Wawili washuke kwenye gati kabla ya loki. Wakiikuta imejaa na hakuna boti inayokuja kutoka juu, waimwage kwanza. Nahodha aingie taratibu. Loki za hapa zina upana wa kutosha boti mbili, kwa hiyo mkiwa peke yenu boti itataka kuyumba. Dawa yake ni hii: penye milango ya juu, fungua kwa hendeli kibao cha ardhini kwanza (kibao ni kilango kidogo cha kupitishia maji), kile kilicho upande ule ule boti ilipo. Maji yanapita chini ya boti, yanagonga ukuta wa pili, yanarudi na kuibana boti ukutani. Fungua nusu, mtazame nahodha, akikubali malizia. Kisha kibao cha upande wa pili. Vibao vilivyo kwenye milango yenyewe visiguswe mpaka matundu yake yawe chini ya maji, maana vikimwaga kutoka juu vitajaza omo.

Hendeli usiiache kwenye mhimili hata sekunde moja. Kizuizi cha meno kikiteleza, itazunguka na kuvunja mkono, au taya. Kazi hii mpe mtu mtulivu, si mwenye misuli kuliko wote. Mlango nao hausukumwi kwa hasira: egemeza mgongo kwenye boriti, subiri maji yalingane, utafunguka wenyewe.

Mkirudi, yaani mkishuka, hatari ni kizingiti cha zege kilichojificha chini ya milango ya juu. Alama nyeupe ukutani inaonyesha kinapoishia. Tezi ikikaa nyuma ya alama hiyo, maji yakishuka itakwama juu ya kizingiti na omo itazama. Mkiona inakwama, fungeni vibao vya chini mara moja.

Pa kulala

Anzeni kutafuta saa 9 alasiri, hasa kiangazi. Msifunge kwenye gati za loki, penye bomba la maji, kwenye kona, wala kwenye uwanja wa kugeuzia boti. Penye ukingo wa chuma tumieni kulabu. Kwenye udongo pigilia vigingi, mbele na nyuma, kamba zikivuta pande tofauti. Kigingi kifungeni kitambaa cheupe, wapita njia wasijikwae gizani.

Maswali ya wanachama

Dada, mimi sijui kuogelea. Nije?
Njoo, mdogo wangu, na jaketi la kuokolea livae tangu mwanzo. Mfereji mahali pengi mtu mzima anasimama, ila loki ni kina kirefu. Na ukingoni usiruke, piga hatua.

Kufunga boti usiku ni bei gani?
Kando ya njia ya watembea kwa miguu kwa kawaida ni bure, hadi siku 14. Penye bango soma: sehemu zinazopendwa, kama karibu na makumbusho ya Stoke Bruerne, muda hupunguzwa.

Injini tunaweza kuiacha iwake usiku tuchaji simu?
La. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi injini izimwe. Majirani wako mita moja kutoka dirishani kwako.

Tukifika Stoke Bruerne mapema, tuendelee?
Mbele kuna handaki la Blisworth, la mwaka 1805, mita 2,813. Boti nyembamba mbili hupishana humo, kwa hiyo washa taa ya omo na ushike kulia. Nahodha avae koti la mvua hata kama nje jua linawaka, maana dari linadondosha maji. Njia ya miguu haimo, hivyo wanaotaka kutembea wapande kilimani, mkutane upande wa pili.