Noti za kinanda zikigoma, anza na vumbi
Kinanda cha umeme kikianza kuruka noti, au noti moja ikilia kwa nguvu hata ukiigusa polepole, usikimbilie dukani. Mara nyingi ni uchafu tu. Chomoa umeme, fungua skrubu za chini (piga picha kwanza, urefu wake hutofautiana), toa vitufe, kisha bandua ule ukanda wa mpira ulio chini ya vitufe. Kwa kawaida kwenye ukanda huo, chini ya kila kitufe kuna vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Kinanda hupima kasi ya kidole kwa muda unaopita kati ya kidoti cha kwanza kugusa bodi (kibao cha saketi kilicho chini ya ukanda) na cha pili. Kimoja kikichafuka, hesabu inaharibika. Futa vidoti na bodi taratibu kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, ile ya mafundi simu. Msasa marufuku: unaondoa kaboni yenyewe. Viache vikauke kabisa ndipo ufunge.