Kabla hujaweka PIN: jinsi ya kuutambua utapeli wa pesa za mtandaoni

Nina kibanda cha mobile money hapa Busia, upande wa Uganda. Wanaotapeliwa hupita dirishani kwangu kabla pesa haijaondoka, mara nyingi tapeli mwenyewe akiwa hewani anawaharakisha. Anayekuharakisha mkate simu kwanza, kisha ufuate hatua hizi.

Hatua ya 1: Angalia nani anamlipa nani

Kazi humlipa mfanyakazi. Ukidaiwa ada ya usajili, ya mafunzo au ya kufungua akaunti, hiyo si kazi.

Inayowamaliza watu sasa ni ile ya kulaiki video. Namba ya ng'ambo inakusalimu WhatsApp, unaingizwa kwenye kundi la Telegram, unalaiki video tatu, na shilingi 5,000 inaingia kweli. Ukija kuitoa nakupa noti mkononi. Kesho unaambiwa uweke 50,000 upate 65,000, nayo inalipwa. Keshokutwa unaweka 300,000, halafu akaunti "imegandishwa" kwa sababu eti umekosea hatua. Ongeza 600,000 ifunguliwe. Ile 5,000 ilikuwa chambo. Na wale wanaotuma skrinshoti za malipo kwenye kundi, usishangae kama ni mtu mmoja mwenye laini nyingi.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Wanaahidi "asilimia 5 kwa siku". Chukua kikokotoo cha simu: laki moja ikizaa hivyo bila kuguswa, siku ya 30 inapita laki nne. Endelea mpaka mwaka uishe, inapita shilingi trilioni 5. Mwenye mashine ya namna hiyo angehangaika na laki yako kwa nini? Anayelipwa leo analipwa kwa pesa za aliyeingia jana.

Hatua ya 3: Soma jina kabla ya PIN

Hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu haina gharama. Ukituma kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel, simu hukuonyesha jina la mwenye namba kabla hujathibitisha. Juzi mama mmoja muuza mitumba alikuwa anatuma kwa "kampuni ya Dubai". Nikamwambia, "Mama, hebu nisomee jina hilo." Likatokea jina la kijana wa kawaida tu. Akapiga simu kuuliza, akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu." Kila mara ni mhasibu! Kesho yake mhasibu ana namba nyingine na jina jingine.

Hatua ya 4: Usitishwe na cheti

Watakutumia picha ya cheti cha URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Cheti hicho kinasema kampuni imesajiliwa, basi. Hakiiruhusu kupokea akiba za watu. Ruhusa hiyo hutoka Benki Kuu ya Uganda. SACCO nyingi na wakopeshaji wadogo wako chini ya UMRA, mamlaka ya mikopo midogo, na uwekezaji uko chini ya Capital Markets Authority, mamlaka ya masoko ya mitaji. Wapigie wenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe, si uliyopewa. Dunamiscoins, kampuni iliyoahidi watu faida kubwa, ilikuwa na ofisi Kampala, watu wakapanga foleni kuingiza pesa, na Desemba 2019 wakakuta milango imefungwa.

Kwa sarafu za kidijitali ni hivyo hivyo. OneCoin, iliyojiita sarafu ya kidijitali, ilifika hadi vijijini Uganda ilhali haikuwa na blokucheni ya kweli, yaani lile daftari la kidijitali linaloandika kila muamala. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka 2017, na mwaka 2022 FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, ikamweka kati ya watu kumi inaowasaka zaidi.

Hatua ya 5: Jaribu kutoa pesa yote

Kama tayari umeingia, usitoe kidogo. Omba yote, mtaji na faida. Ukiambiwa ulipe "kodi" kwanza ndipo utoe, usitume hata shilingi. Kodi halali ingekatwa humo humo kwenye salio lako.

Hatua ya 6: Ukishaliwa

Piga 100 mara moja, iwe MTN au Airtel, uombe pesa izuiwe kabla haijatolewa. Dakika zina maana hapa. Ikishatolewa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu. Usifute meseji wala kutoka kwenye kundi kabla hujapiga picha kila kitu. Nenda polisi, usiondoke bila namba ya SD, yaani namba ya ripoti yako kwenye daftari la kituo.

Halafu jiandae: baada ya muda atakupigia mtu anayejiita wakili au mtaalamu wa kurejesha pesa, anataka ada kidogo ya kuanzia. Namba yako aliipata kwa wale wale.