Kuandaa HiAce ya kulala na kupikia katika baridi ya Juni: mwongozo kwa wasafiri wa Lubumbashi

Anayetoka Lubumbashi mwezi wa Juni au Julai kwenda uwanda wa Kundelungu, au anayepita Likasi kuelekea nyanda za Biano, huenda kulala mahali palipo juu kuliko mji wake. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake wa kiangazi tayari unadai blanketi. Huko juu, kwenye mita 1,600 na zaidi, anga linapokuwa wazi na upepo umetulia, baridi huweza kukaribia nyuzi sifuri. Nyumba za kulala wageni ni chache mno njiani, na ndiyo sababu watu wengi zaidi wanataka kugeuza HiAce zao ziwe chumba na jiko. Gari hilo linafaa kwa kazi hii: kila fundi wa hapa analijua, na mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, jambo ambalo tutaona faida yake tukifika kwenye upishi.

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, inafaa kuelewa kwamba tatizo kubwa ndani ya gari lililofungwa usiku si baridi bali ni unyevu na hewa chafu. Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho maji ya kujaza glasi nzima au zaidi hadi asubuhi, na maji hayo, yakikuta bati baridi, hugeuka kuwa matone yanayotiririka nyuma ya godoro. Wazungu wanaolala garini chini ya miteremko ya kuteleza kwenye theluji, kama vile Chamonix nchini Ufaransa, wanapambana na jambo hilohilo kwa ukali zaidi, kwa kuwa huongeza viatu na nguo zilizolowa theluji ndani ya chumba kilekile. Mengi waliyojifunza yanatufaa, isipokuwa yale ya kuzuia mabomba ya maji yasipasuke kwa barafu, ambayo sisi hatuyahitaji.

Kwa hiyo kazi ianze na matundu ya hewa, wala si na kitanda. Yanahitajika mawili: moja juu ya paa na jingine chini, upande wa pili wa gari, kila moja likiwa na upana usiopungua sentimita 10 kwa 10, ili hewa yenye joto na unyevu itoke juu na hewa kavu iingie chini. Tundu la paa likatwe katikati ya mbavu mbili za chuma, kamwe si juu ya ubavu wenyewe. Fundi achore umbo la tundu, atoboe kwa drili ndani ya mstari, akate kwa msumeno wa bati, kisha asugue ukingo wote kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Hapo ndipo wengi hukimbilia silikoni. Wasubiri: ukingo uliokatwa ni chuma kitupu, na usipopakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza, mvua za Novemba zitauanza na baada ya misimu miwili silikoni itakuwa imeshikilia kutu tu. Rangi ikikauka, ndipo kifuniko kikazwe kwa skrubu na silikoni, kisha ndoo nzima ya maji imwagwe juu yake huku mtu akitazama kutoka ndani. Tundu la chini liwekewe wavu wa mbu na kifuniko cha kufungwa gari linapotembea, maana vumbi jekundu la barabara zetu haliombi ruhusa.

Baada ya hapo ndipo kuta zifungwe dhidi ya baridi. Kitu rahisi kupatikana mjini ni frigoliti, ile povu nyeupe ngumu inayozunguka friji na televisheni mpya. Ya unene wa sentimita 3 inatosha. Ikatwe ikae vizuri kati ya mbavu, igusane na bati bila kuacha nafasi ambamo hewa yenye unyevu itapita. Gundi ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kutupa, kwa sababu gundi nyingi za viatu na ngozi zina kiyeyusho kinachokula frigoliti mpaka kubaki shimo. Mbavu zenyewe, ambazo ndizo njia kuu ya baridi kuingia, zifunikwe kwa povu jembamba lisilonyonya maji. Matambara, pamba na masalio ya magodoro yasitumike ndani ya kuta: hunyonya maji na kuyaweka karibu na bati mwaka mzima. Vilevile matundu madogo yaliyo chini kabisa ya milango yaachwe wazi, kwani yaliwekwa na kiwanda ili maji ya mvua yatoke. Frigoliti inaungua kwa moshi mweusi mbaya, hivyo isiachwe wazi popote. Ifunikwe kwa tripleksi nyembamba, na karibu na jiko kwa bati. Vioo ndivyo vinavyopoteza joto kuliko ukuta wowote, na dawa yake ni vipande vya povu vilivyokatwa kwa umbo la kila dirisha, vinavyobanwa usiku na kuondolewa mchana.

Kitanda kinahitaji hesabu kabla ya msumeno. Upana wa ndani wa HiAce ya kawaida hauzidi mita moja na nusu kwa mengi, kwa hiyo mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama; alale kwa urefu wa gari, kichwa kikielekea mbele. Kimo cha ndani, kwa paa fupi, ni kama sentimita 130, na mtu aliyeketi huhitaji karibu sentimita 90 ili asiinamishe shingo. Ukiondoa sentimita 10 za godoro na zile zinazoliwa na kifungio cha dari na sakafu, unabaki na sentimita 25 hivi za kuweka mizigo chini ya kitanda. Wanaotaka sanduku kubwa la mizigo chini huishia kula wakiwa wameinama siku zote za mvua. Kitanda cha watu wawili kiwe na upana wa sentimita 120, ili ibaki njia nyembamba ya kupita. Juu yake viwekwe vipande vya mbao vyenye nafasi ya sentimita 3 hadi 4 kati ya kimoja na kingine, wala si ubao mzima, kwa kuwa godoro lililokaa juu ya ubao mzima huota ukungu upande wa chini ambako hakuna anayetazama. Mulombwa ni mti mzuri na unapendeza macho, lakini kwa fremu ya gari paini hutosha na ni nyepesi. Fremu hiyo ifungwe kwa bolti kwenye chuma cha gari, si kwenye tripleksi. Breki ya ghafla ikishikwa mbele ya lori la shaba, kila kisichofungwa kitakuja mbele kwa nguvu: betri, bidoni ya lita 20, sufuria.

Sasa upishi, ambapo miongozo ya Ulaya haitusaidii sana. Meza nyembamba za magari yao zimekusudiwa chai na supu ya paketi. Hazikutengenezwa kwa mtu anayesonga bukari. Anayesonga husukuma sufuria kwa mwiko kwa nguvu za mikono miwili, na jiko la gesi lenye miguu miepesi litapinduka. Tengeneza droo imara ya chuma inayovutwa nje kutoka chini ya kitanda upande wa nyuma, ifungwe isirudi, nayo iwe na pete ya nondo inayoishika sufuria kiunoni. Mpishi asimame nje, mlango wa nyuma ukiwa umeinuliwa kama paa juu ya kichwa chake, na turubai ndogo itundikwe upande wa upepo. Faida yake si nafasi tu. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke, bila kuhesabu mvuke wa sufuria yenyewe. Kupika ndani ni kumwagilia kuta ulizozikausha kwa shida.

Maharage yanahitaji mpango wa pekee. Kwenye mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, hivyo maharage huchukua muda mrefu na gesi nyingi. Yalowekwe asubuhi kabla ya kuondoka, yakiwa ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana, na jioni yatabadilishiwa maji na kuchemshwa kwa nguvu dakika 20. Yale mekundu yasipochemshwa vizuri hubaki na sumu inayoumiza tumbo. Kisha sufuria ifungwe kwa blanketi na kuwekwa ndani ya sanduku lililotandikwa masalio ya frigoliti, ambako yataendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa. Blanketi liwe katikati, kwani chuma cha moto hulainisha frigoliti. Sombe iliyopondwa na kupikwa nyumbani iliwe siku ya kwanza, na ndagala wakavu hawahitaji chochote.

Mtungi wa gesi usimame wima ndani ya kabati lake, lililofungwa upande wa chumba na lenye tundu sakafuni, kwa maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka. Viungo vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Vile vikopo vidogo vyenye butani tupu vina kasoro: butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, na alfajiri jiko hukataa kuwaka ilhali kikopo kimejaa. Propani huvumilia mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana wanaoteleza thelujini huitumia yenyewe.

Umeme uachiwe taa, simu na kipepeo kidogo cha kusukuma hewa. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo haipaswi kutumiwa kupita nusu, inakupa wati-saa 600. Kilo moja ya gesi ina joto linalozidi hilo mara 20. Anayewaza kupika kwa umeme wa betri moja afanye hesabu hiyo kwanza. Betri ya pili ijazwe na injini kupitia relei inayoziunganisha injini inapowaka na kuzitenganisha inapozimwa, fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha ya chanya, na waya wa kutoka mbele hadi nyuma usiwe mwembamba kuliko milimita mraba 16. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kuuziwa kitu hicho katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ni kichekesho kinachoweza kuwasha moto. Betri ya risasi hutoa hidrojeni inapojazwa, hivyo sanduku lake liwe na njia ya hewa kwenda nje.

Kuhusu kupasha joto, neno langu ni fupi. Mbabula isiingie garini, hata ikiwa makala yamekuwa mekundu bila moshi, hata kwa dakika tano, hata milango ikiwa nusu wazi. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na hushika damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo aliyelala haamki kujiokoa. Kengele ndogo ya kutambua hewa hiyo iwekwe usawa wa kichwa cha mlalaji. Mwenye uwezo anaweza kufunga hita ya dizeli, ambayo huvuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba. Kwa baridi yetu, hata hivyo, blanketi mbili nzito na chupa ya maji ya moto miguuni hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Lala usiku mmoja ndani ya lupango lako kabla ya safari, watu wote waliopangwa kusafiri wakiwemo. Alfajiri papasa mbavu za dari, inua godoro, na tazama pembe za mlango wa nyuma. Penye maji ndipo povu halikufika au hewa haipiti. Baada ya kilomita 50 za kwanza za barabara ya udongo simama ukaze bolti zote za kitanda na za droo, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza mapema, na rudia kipimo cha sabuni kwenye mpira wa gesi kabla ya kuwasha jiko.