Tarangire: tembo wana msimu wao, ndege wana wao

Kama unapanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, amua kwanza unafuata nini. Tembo wanajaa kando ya mto kuanzia Julai hadi Oktoba, kwa sababu wakati huo maji mengine mengi yamekauka. Mvua zikianza, wengi wanatawanyika, wengine wanatoka nje kabisa ya hifadhi kuelekea nyanda za Simanjiro. Ndege ni kinyume chake: Novemba hadi Aprili wanaongezeka wale wanaohama kutoka Ulaya na Asia. Hifadhi ina zaidi ya aina 500, kwa hiyo hata kiangazi hutakosa hondohondo na mbuni.

Asubuhi mapema wape ndege, hasa ukingoni mwa kinamasi cha Silale, na darubini usiiache nyumbani. Jua likipanda, shuka mtoni. Hapo ndipo familia za tembo zinapokuja kunywa, na pale mchanga ulipokauka utawaona wakichimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yachuruzike. Mwambie dereva azime injini na asikae kati ya mama na mtoto. Tembo akitanua masikio na kukukazia macho, rudi nyuma taratibu.

Halafu kuna mbung'o, nzi wanaouma, hao hawatajwi sana kwenye matangazo! Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Jinzi ibaki hotelini.