Umepata ajali njia ya Tanga? Fanya hivi, kuanzia dakika ya kwanza mpaka hela ya bima

Mimi kazi yangu ni madai ya bima hapa Tanga mjini, yani mtu akigonga au akigongwa kuanzia Segera kushuka Hale, Muheza, Pongwe mpaka huku Kange, au akitokea Horohoro, mafaili mengi yanapita mezani kwangu. Na karibu kila faili bovu ninaloliona limeharibikia palepale barabarani, lisaa la kwanza, trafiki hata hajafika. Dereva kichwani ana swali moja tu, "nitawekwa ndani?", basi anafanya chochote alimradi asiwekwe ndani, na hapo ndo anajimaliza.

Kabla sijaanza hatua elewa hiki kitu maana vyote vinavyofuata vimesimama hapo: ajali moja inazaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya jinai, hiyo ni Jamhuri na wewe, sheria yake ni ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na mwisho wake ni faini, jela au kufungiwa leseni. Ya pili ni ya madai, hiyo ni wewe na uliyemuumiza au uliyemharibia mali, mwisho wake ni fidia. Bima inaingia kwenye ya pili tu. Hakuna bima itakayokulipia faini wala kukukalia mahabusu. Na ukilipa faini hujamaliza habari ya fidia, na ukimlipa mgonjwa hujamaliza habari ya polisi. Watu wanachanganya hapa kila siku.

Kabla hujawasha gari

Chukua simu yako sa hivi, ingia TIRA MIS, ule mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, andika namba ya gari uone kama bima ipo na inaisha lini. Usiamini karatasi wala meseji uliyotumiwa na mtu wa kijiweni, stika feki zipo na mtu anajuaga siku ya ajali. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria, Sura ya 169, ila kumbuka hiyo thad pati haitengenezi gari lako wewe, inamlipa uliyemgonga. Wengi wanakuja ofisini na picha ya bampa lao limekatika wanauliza watalipwa lini, namwambia kaka wewe una thad pati, bampa ni lako na fundi wako.

Angalia na leseni. Sio tarehe tu, angalia daraja. Daraja D ni la gari binafsi, ukibebea abiria wa kulipa kwenye Noah yako ya familia unajiweka pabaya mara mbili, leseni hairuhusu na bima ulikata ya matumizi binafsi. Mhanga anaweza kulipwa na kampuni halafu kampuni ikakugeukia wewe kudai hela yake. Hizo mchomoko za Muheza na Korogwe, yani gari binafsi zinazobeba abiria wa kulipa, sisemi zaidi.

Halafu kadi ya gari. Umenunua gari au pikipiki mwaka juzi kadi bado inasoma jina la aliyekuuzia, hiyo siku ya ajali inakuwa ngoma nzito, wito unaenda kwa mtu mwingine na kampuni ya bima inauliza wewe ni nani. Nenda TRA ubadilishe jina, basi.

Ndani ya gari weka pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto usioisha muda, glavu na vitambaa safi, tochi na kalamu. Kalamu ndo watu hawana, simu imezima chaji huna hata pa kuandika namba ya gari.

Dakika tano za kwanza

Simama. Hata kama umemparuza tu mtu wa baiskeli na yeye ameinuka anatembea, simama. Kukimbia ni kosa lingine juu ya lile la kwanza, na mahakamani linakufanya uonekane una hatia hata pale ambapo mwenye makosa alikuwa yule mwingine.

Zima injini, washa hazadi, weka pembetatu mbali kidogo mbele na nyuma ili anayekuja mbio akuone mapema, hasa ukiwa kwenye kona au usiku. Ajali nyingi mbaya za usiku ni za kugonga gari ambalo tayari limesimama, lori limeharibika limesimama gizani limewekewa majani mabichi, gari dogo linaingia chini ya trela. Majani sio pembetatu jamani.

Majeruhi: usimvute mvute. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena muache alivyo, mwambie asigeuze shingo. Damu inatoka, bana kwa kitambaa ukaze mkono usiachie. Usimpe maji wala soda. Mtu wa bodaboda usimvue helmeti kwa nguvu, kama anapumua vizuri iache. Najua watu wetu wana huruma, wanamkunja majeruhi kwenye bajaji anakaa kama gunia, mfupa wa paja uliovunjika ndani unazidi kukata nyama. Tafuta gari anayoweza kulala, hata pikapu, mtu mmoja amshikilie kichwa.

Piga 112 polisi. Moto 114. Halafu gawaneni kazi, mmoja aende na majeruhi hospitali, kama ni huku mjini ni Bombo, mwingine aende kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Mgonjwa asisubirishwe barabarani eti fomu haijaja, fomu itamfuata.

Na kama umati umewaka? Hili lipo, tusidanganyane. Kuna vijiji ukigonga mtoto hata kama alichomoka ghafla unaona mawe yanaokotwa. Hapo usibaki kufa kishujaa, ondoka moja kwa moja mpaka kituo cha polisi cha karibu, jisalimishe, eleza, na uhakikishe inaandikwa umeripoti saa ngapi. Tofauti ya aliyekimbia na aliyejiokoa ni hiyo saa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi, sio maneno yako ya kesho.

Unachosema na usichosema

Sema pole. Pole haijamfunga mtu. Ila usiseme "nisameheni, kosa langu, nitalipa kila kitu", kwa sababu hapo hujui bado nani kakosea, wewe umeona upande wako tu na bado una kiwewe. Na karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba usikiri kosa wala usiahidi malipo bila kampuni kujua, ukiahidi unawapa sababu ya kukuruka.

Yale ya kuyamaliza barabarani ndo yananiuma zaidi. Mfano wa kawaida kabisa huku kwetu, Tanga na baiskeli unajua wenyewe tulivyo, jioni magharibi mtu anatoka shamba baiskeli haina taa wala reflekta, umemgusa kwa saiti mira kaanguka. Anasema niko sawa bosi, unampa elfu hamsini akanunue dawa, mnaachana. Wiki tatu baadaye ndugu wanakuja na eksirei, nyonga imevunjika, na kwenye maelezo yao wewe ulimgonga ukakimbia. Huna ripoti, huna PF3, huna hata jina lake. Kampuni inakuuliza mbona hukuripoti? Unasema tulielewana. Mlielewana wapi, nani aliandika?

Kwa hiyo hata kama mnataka kuyamaliza kiungwana, yamalizeni baada ya kuripoti, kwa maandishi, na kwa kuiambia bima kwanza. Uungwana na karatasi vinakaa pamoja vizuri tu.

Picha

Kabla magari hayajasogezwa piga picha za mbali kuonyesha barabara nzima, alama za breki kwenye lami, vioo vilipodondokea, kibao cha spidi kama kipo, mstari wa katikati ni mzima au umekatika. Halafu za karibu, namba za magari, leseni, bima. Lori lenye trela piga namba mbili, ya kichwa na ya trela, maana zinasajiliwa tofauti na bima zake ni tofauti, na mara nyingine aliyekugonga kwa ukweli ni trela. Chukua majina na namba za simu za watu wawili watatu walioona, na ikiwezekana muuza machungwa au wa kijiweni, sio abiria wako, abiria wako wataambiwa wanakutetea.

Usogeze gari pale tu inapobidi kuokoa mtu au trafiki akisharuhusu. Na usipige picha za majeruhi kuzirusha kwenye magrupu, sijui hili kwa nini bado tunalisema.

Polisi wakifika

Trafiki atapima, atachora ramani ya tukio, atachukua maelezo, gari litakaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi. Spidi inaangaliwa, kwenye makazi ni 50, na gari la abiria au la mizigo linalozidi tani 3.5 mwisho wake ni 80 hata barabara iwe nyeupe mpaka Segera. Pombe inapimwa, kwa dereva wa kawaida kikomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, ila ukiendesha abiria au gari la biashara ni sifuri, hata ile bia moja ya Mkata ni kosa.

Maelezo yako yasome kabla ya kusaini. Eleza ulichokiona na ulichofanya, "nilikuwa naelekea Muheza, nilimuona akitokea kushoto, nilifunga breki". Usikisie. Huna uhakika na spidi sema huna uhakika.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Ukipelekwa mahakamani utaambiwa na watu wa nje, kiri tu kosa ulipe faini uondoke zako. Kama kweli umekosa, kiri, ni haki. Ila usikiri ili uwahi kurudi kazini tu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho inachukuliwa kuwa ushahidi kamili kwamba uliyetiwa hatiani ulitenda hilo kosa. Maana yake yule mhanga akija na kesi ya madai hana kazi ya kuthibitisha tena uzembe wako, anakuja na nakala ya hukumu. Wewe umeona faini ndogo, kumbe umesaini fidia ya mamilioni. Kama mtu ameumia vibaya au amefariki, ongea na wakili kabla ya kusimama kizimbani, kabla!

Bima

Toa taarifa kwenye kampuni au kwa ajenti wako mapema, kesho yake usiwe unafikiria bado. Jaza fomu ya madai, ambatanisha leseni, kadi, bima, picha na ripoti za polisi, zile PF90, PF93 na PF115 pamoja na ramani. Uliza kampuni yako inataka zipi maana kukosekana moja tu kunalaza faili miezi. Usipeleke gari kwa fundi kabla mkaguzi wa bima hajaliona.

Dereva wako ndo kagonga akiwa kwenye shughuli yako, jua na wewe mwenye gari unashtakiwa kwenye madai. Jela haikuhusu kwa kosa lake la uendeshaji, fidia inakuhusu.

Kama wewe ndo uliyeumizwa

Tunza kila risiti, ya dawa, ya nauli ya kwenda kliniki Bombo, ya magongo. Bila risiti fidia ya matumizi ni hadithi. Ukiwa na makosa kidogo na wewe, tuseme ulivuka bila kuangalia, haki yako haifutiki ila mahakama inaweza kukupunguzia.

Ndugu akifariki, familia inaweza kudai fidia chini ya sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310, lakini anzeni na msimamizi wa mirathi, kikao cha ukoo kisha Mahakama ya Mwanzo. Nimeona familia inagombana nani akachukue hela kabla hata dai halijafunguliwa.

Kampuni ikikuzungusha kuna Ombudsman wa Bima, TIO, unapeleka malalamiko bila kulipa wakili. Aliyekugonga akiwa na gari la serikali au la halmashauri kuna notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, ukiiruka kesi inatupwa. Na kwa ujumla dai la uzembe kama hili lina miaka 3 toka siku ya tukio, baada ya hapo umechelewa.

Wa Horohoro

Ukivuka kwenda Lungalunga na Mombasa bima yako ya hapa haikufuati. Kata Yellow Card ya COMESA, yani bima ya gari ya kuvukia mpaka, kabla hujafika mpakani, kwa kampuni yako ya bima, na hakikisha tarehe zake zinafunika safari yote mpaka kurudi, pamoja na siku lori linaposubiri mzigo bandarini.